Shaba au alumini: hesabu mita, kisha hesabu viungio

Swali hili huja kwa sura ileile. Mtu anataka kuvuta umeme kutoka kwenye boksi la mita hadi nyumba ya pili iliyo nyuma ya kiwanja, au hadi kwenye pampu iliyo mbali na nyumba. Fundi wa kwanza amemwandikia kebo ya shaba ya milimita za mraba 16. Fundi wa pili amemwandikia alumini ya 25, na jumla ya karatasi yake iko chini kwa mbali. Mwenye kazi anabaki na karatasi mbili mkononi na wasiwasi mmoja: huyu wa pili anataka kuniunguzia nyumba, au yule wa kwanza ananilipisha nisichokihitaji?

Mara nyingi karatasi zote mbili ni sahihi kwa hesabu. Tofauti iko mahali ambapo karatasi haionyeshi, nako ni kwenye miisho miwili ya kebo. Kebo ya alumini iliyolala mtaroni au inayoning'inia hewani hufanya kazi miaka na miaka bila kumsumbua mtu. Matatizo yake huanzia pale inapokatwa na kufungwa kwenye kitu kingine. Ndiyo maana kabla ya kuuliza metali ipi ni bora, mimi humwambia mtu ahesabu mita atakazovuta, kisha ahesabu viungio atakavyofunga. Mita zikiwa nyingi na viungio vichache, nampeleka kwenye alumini. Mita zikiwa chache na viungio vingi, nampeleka kwenye shaba. Nitaeleza kwa nini, na nitakaa zaidi kwenye viungio kwa sababu huko ndiko watu wanakoumia.

Unene, uzito na fedha

Waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita moja ya mraba na urefu wa mita moja una ukinzani wa takriban omu 0.0172. Wa alumini wenye vipimo hivyohivyo una takriban omu 0.0283. Kwa maneno mengine, alumini hufikia asilimia 61 hivi ya uwezo wa shaba wa kupitisha umeme. Mtu akiishia hapo, shaba imeshinda na mjadala umekwisha.

Ila waya haununuliwi kwa unene peke yake. Hununuliwa, husafirishwa na kutundikwa kwa uzito. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.9, ya alumini ina gramu 2.7. Ili alumini ipitishe umeme sawasawa na shaba, inabidi eneo la mkato liongezwe mara 1.64, na hapo kipenyo chake kinazidi cha shaba kwa robo na kidogo. Baada ya kunenepeshwa hivyo, uzito wake bado ni nusu tu ya ule wa shaba.

Niliwahi kukata vipande viwili vya mita moja moja, shaba ya 95 na alumini ya 150, nikavishika kimoja mkono huu na kingine mkono huu. Kwa kazi ni kama ndugu. Ukinzani wa cha kwanza ni omu 0.193 kwa kilomita, cha pili 0.206. Lakini shaba ilikuwa inakaribia gramu 850, na alumini, ingawa ilijaza kiganja zaidi, ilikuwa na gramu 400 hivi. Kiganjani ni jambo dogo. Zidisha kwa nyaya nne na mita 300 za mtaro, unapata tani moja ya shaba dhidi ya chini ya nusu tani ya alumini, na bado hujapima plastiki.

Halafu bei. Kwa miaka mingi kilo ya shaba katika masoko ya dunia imekuwa ghali mara tatu au zaidi kuliko kilo ya alumini. Ukihitaji nusu ya uzito kwa theluthi ya bei, metali ya kazi ileile inakugharimu kama sehemu moja ya sita. Kebo iliyokamilika haishuki bei kwa kiasi hicho, maana plastiki, deraya ya chuma inayoikinga kebo na kazi ya kiwandani navyo vina gharama, na kebo nene hula plastiki zaidi. Hata hivyo pengo linalobaki ni kubwa kiasi cha kubadilisha uamuzi.

Na kama kigezo kingekuwa kupitisha umeme tu, hata shaba tusingeitumia. Metali ya fedha inaizidi kwa asilimia tano au sita. Iliwahi kutumika kweli: kuanzia mwaka 1942 Marekani iliazima kutoka Hazina yake zaidi ya tani 13,000 za fedha ili kutengenezea koili za sumaku za mitambo ya kutenganisha urani kule Oak Ridge, kwa kuwa shaba ilikuwa inahitajika vitani. Baadaye karibu fedha yote ikarudishwa. Hakuna aliyependekeza ibaki kwenye nyaya.

Kusoma saizi bila kudanganyika

Hivi ndivyo viwango vya juu kabisa vya ukinzani vinavyokubalika katika kiwango cha kimataifa IEC 60228, kwa nyaya za nyuzi nyingi kwenye nyuzijoto 20. Ninavibandika hapa kwa sababu vinamaliza ubishi mwingi.

| Eneo la mkato (mm²) | Shaba (omu kwa km) | Alumini (omu kwa km) |
|---|---|---|
| 16 | 1.15 | 1.91 |
| 25 | 0.727 | 1.20 |
| 35 | 0.524 | 0.868 |
| 50 | 0.387 | 0.641 |
| 70 | 0.268 | 0.443 |
| 95 | 0.193 | 0.320 |
| 120 | 0.153 | 0.253 |
| 150 | 0.124 | 0.206 |

Jedwali hili lisome kwa mshazari. Shaba ya 16 inakaa jirani na alumini ya 25. Shaba ya 50 inaangukia katikati ya alumini ya 70 na ya 95, kwa hiyo unachukua 95. Shaba ya 70 inalingana na alumini ya 120. Ukitoka shaba kwenda alumini, zoea kupanda saizi mbili; hapo kwenye 16 tu ndipo saizi moja inatosha.

Tuchukue pampu yetu. Iko mita 80 kutoka kwenye boksi la mita ya umeme, inavuta ampea 40 kwa umeme wa volti 230. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya una urefu wa mita 160. Kwa shaba ya 16, zinapotea volti 7.4 njiani, sawa na asilimia 3.2. Kwa alumini ya 16 zinapotea volti 12.2, asilimia 5.3, na mafundi wengi hawataki upotevu upite asilimia 5. Kwa alumini ya 25 zinapotea volti 7.7. Hesabu hii ni ya waya baridi. Waya ukifika nyuzijoto 70, ukinzani wa metali zote mbili huongezeka kwa asilimia 20 hivi, kwa hiyo jiachie nafasi.

Hapa ndipo alumini inaponifurahisha. Shaba ya 16 kwa safari hiyo ina kilo 23 hivi za metali. Alumini ya 25 ina kilo 11. Ukipanda hadi alumini ya 35, una kilo 15 tu, na upotevu unashuka hadi volti 5.6. Yaani unanunua kebo iliyo bora kuliko ya shaba uliyoandikiwa, injini ya pampu inapata volti zaidi wakati wa kuwaka, na bado metali yake ni nyepesi na rahisi kwa bei. Fundi anayekuandikia alumini ya saizi ileile ya shaba anakukosea. Fundi anayekupandishia saizi anakufanyia hisani.

Wengine huniuliza kuhusu shoti, kwamba alumini itayeyuka mapema. Ni kweli alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 na shaba kwenye 1085, lakini plastiki inayozifunika huharibika mapema sana kabla ya joto la namna hiyo. Alumini ikishapandishwa unene kwa ule uwiano wa 1.64, inahimili mkondo wa shoti sawa na shaba, hata zaidi kidogo.

Juu ya nguzo, alumini haina mpinzani

Ukiinua macho kutazama njia kuu za umeme zinazovuka mabonde, unatazama alumini. Sababu ya kwanza ni uzito uleule. Waya wa angani kazi yake kubwa ni kujibeba mwenyewe kutoka mnara hadi mnara, na ukiwa mwepesi minara inaweza kusimama mbali mbali, kuwa mifupi zaidi na kuhitaji misingi midogo. Mara nyingi minara ndiyo inayokula bajeti kuliko nyaya.

Alumini peke yake ni dhaifu ikivutwa, karibu nusu ya nguvu ya shaba ngumu. Dawa yake ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20: weka nyuzi za chuma kilichopakwa zinki katikati, zungusha nyuzi za alumini nje. Chuma kinabeba mzigo, alumini inabeba mkondo. Waya unaojulikana kwa jina la Dog una nyuzi 6 za alumini zenye kipenyo cha milimita 4.72, zimezunguka nyuzi 7 za chuma za milimita 1.57. Ukikata kipande chake na kuangalia mkato unaliona jambo lote kwa jicho: petali sita nyeupe, na kiini cha kijivu chenye vidoti saba. Wapo pia Wolf, Lynx na Zebra, maana kwenye familia hii ya saizi kila waya umepewa jina la mnyama.

Sababu ya pili husahaulika. Unene, ambao ardhini ni hasara, huko juu ni faida. Waya wa angani wa msongo mkubwa haujafunikwa plastiki. Kihami chake ni hewa, na hewa hailipiwi. Zaidi ya hapo, kwenye volti laki mbili na kuendelea waya mwembamba huichachafya hewa inayougusa hadi ikaanza kupitisha umeme. Ule mlio wa kama mafuta yanayokaanga unaousikia chini ya njia kubwa siku ya unyevu ni nishati inayotoroka. Waya ukinenepa, mlio na upotevu hupungua. Alumini imenenepa tayari.

Hasara zake huko juu ni mbili. Waya mnene hushikwa zaidi na upepo, na barafu kwenye nchi za baridi. Pia alumini hurefuka sana ikipata joto: mita 100 zikipanda kwa nyuzijoto 50 zinaongezeka milimita 115, wakati shaba ingeongezeka 85 na chuma chini ya 60. Ndiyo maana nyaya hulegea na kushuka mchana wa jua kali, na wanaozivuta huzipimia nafasi hiyo tangu siku ya kwanza. Karibu na bahari chumvi huila zinki ya chuma cha katikati, kwa hiyo huko hutumika nyaya za aloi ya alumini yenye magnesi na silikoni, zisizo na chuma kabisa.

Alumini haikuwa rahisi tangu zamani. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa kumbukumbu ya Washington, kileleni waliweka kipande cha alumini cha kilo tatu hivi, kwa sababu ilikuwa metali ya thamani. Kituo cha umeme cha Edison cha Pearl Street, New York, kilichoanza mwaka 1882, kilisambaza umeme kwa shaba. Hakukuwa na njia nyingine. Kisha mwaka 1886 vijana wawili, Charles Martin Hall kule Marekani na Paul Héroult kule Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, wakagundua namna ya kuitoa alumini kwenye oksaidi yake kwa kutumia mkondo wa umeme. Bei ikaanguka. Hadi leo kilo moja hula uniti 13 hadi 15 za umeme kuitengeneza. Nami huona kuna haki fulani katika jambo hili: umeme uliitoa alumini ndani ya udongo, na alumini inaubeba umeme.

Pale inapokatwa

Sasa tuje kwenye sehemu inayonikosesha usingizi.

Nilifungua boksi la mita la nyumba moja ambayo taa zake zilikuwa zikipepesa kila friji ilipowaka. Tulizima kwanza umeme, tukapima, tukahakikisha umekufa. Kijana niliyekuwa naye akagusa skrubu ya waya wa nutro, akanigeukia: "Mzee, hii inazunguka kwa vidole." Waya ulikuwa wa alumini, umeingizwa moja kwa moja kwenye tundu la shaba ya manjano. Plastiki yake kwa urefu wa kidole ilikuwa imegeuka kahawia na kuwa ngumu kama ganda la yai, ukiibonyeza inavunjika. Mdomoni mwa tundu palikuwa na unga mweupe. Mwenye nyumba aliniapia kwamba skrubu ile ilikazwa vizuri siku ya kufungwa, na mimi namwamini. Hakuna mtu aliyeilegeza. Ilijilegeza.

Hivi ndivyo inavyotokea. Mkondo ukipita, kiungio kinapata joto. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya skrubu ya chuma inayoibana, na haina pa kwenda, na ni laini, kwa hiyo inasagika na kusogea pembeni. Friji ikizimika, kiungio kinapoa, alumini inasinyaa, lakini hairudi kwenye umbo lake la mwanzo. Panabaki mwanya usioonekana kwa jicho. Hewa inaingia kwenye mwanya, na alumini iliyo wazi ikikutana na hewa hujivika oksaidi papo hapo, utando mwembamba wa nanomita chache ambao haupitishi umeme. Ni utando uleule unaoyalinda masufuria na madirisha ya alumini yasiliwe. Hapa umegeuka adui. Ukinzani wa kiungio unapanda, friji ikiwaka tena joto linazidi la jana, mwanya unaongezeka. Mzunguko huo unajirudia mara kadhaa kwa siku, kwa miaka.

Tia namba ndani. Kiungio kizuri kina ukinzani mdogo usiofaa hata kutajwa. Kikifika omu 0.01 tu, na ampea 40 zikapita, kinazalisha wati 16 za joto. Hizo ni wati za kifaa kidogo cha kulehemia redio, na zimefungiwa kwenye kitu kisichozidi ncha ya kidole, ndani ya boksi la plastiki. Breka haitakata, maana mkondo haujazidi. Breka huhesabu ampea. Haina habari na joto la skrubu iliyo jirani yake.

Juu ya hayo kuna unyevu. Shaba na alumini zikigusana penye maji huwa betri ndogo, na katika betri hiyo anayeliwa ni alumini. Ule unga mweupe ndio mabaki yake. Kwa sababu hiyohiyo, zikikaa pamoja nje, alumini inapaswa kuwa juu na shaba chini: maji yaliyopita kwenye shaba hubeba chumvi zake, na yakidondokea alumini huitoboa.

Marekani walijifunza haya kwa gharama kubwa. Kati ya mwaka 1965 na 1973 hivi, shaba ilipopanda bei, nyumba nyingi zilifungwa alumini hadi kwenye soketi na swichi. Tume ya nchi hiyo inayosimamia usalama wa bidhaa ilikuja kueleza kwamba nyumba zilizofungwa nyaya za alumini zilizotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi ya zile za shaba wa kuwa na kiungio kilichofikia hali ya kuweza kuwasha moto. Angalia vizuri inasema nini: kiungio. Nyaya ndani ya kuta hazikuwa na kosa. Nyumba moja ina viungio vingi sana, kila soketi na viwili au vitatu vyake, na kila kimoja kilikuwa kama nutro ile niliyoifungua.

Tangu miaka ya 1970 zimetumika aloi mpya za alumini, za mfululizo wa 8000, zenye chuma kidogo ndani yake, ambazo hazisagiki upesi namna ile. Zimesaidia sana. Oksaidi na betri ya unyevu hazikuondoka.

Kiungio kinachodumu

Je, kiungio cha alumini kinaweza kuaminika? Ndiyo, na njia za umeme za dunia nzima zinashuhudia. Lakini kina adabu zake, na asiyezifuata asiguse alumini.

Waya uchunwe bila kuukwaruza. Jaribu mwenyewe: chora mstari mdogo kwa kisu kuzunguka uzi wa alumini, kisha ukunje na kuunyoosha mara tatu nne. Utakatika palepale penye mchoro. Shaba ingekuvumilia zaidi. Ukishachunwa, usuguliwe kwa brashi ya chuma hadi ung'ae, na upakwe grisi maalumu ya viungio papo hapo, kabla oksaidi haijarudi kuwa nene. Kisha uingie kwenye lagi ya metali mbili, ile yenye shingo ya alumini inayopokea waya na ulimi wa shaba unaokwenda kwenye bolti. Kiwandani vipande hivyo viwili vimeshaunganishwa kwa nguvu, kwa hiyo unyevu hauna pa kupenyeza. Shingo hubanwa kwa mashine ya kubania yenye kinywa cha saizi hiyo, wala si kwa nyundo, wala si kwa plaizi. Bolti inakazwa kwa spana inayopima nguvu, na chini yake iwekwe washa ya springi inayofuata metali inapotanuka na kusinyaa. Kukaza kupita kiasi kunaidhuru alumini sawa na kutokaza.

Kwa kebo moja yenye nyaya mbili, una miisho minne. Kazi ya namna hii kwa miisho minne ni ya nusu saa. Kwa nyumba nzima yenye soketi 40, haiwezekani kuisimamia, na hata ikiwezekana sikushauri.

Ardhini, na ndani ya nyumba

Ardhini mashindano ni ya karibu zaidi. Unene unalipiwa: plastiki zaidi, deraya ndefu zaidi, bomba kubwa zaidi, na kebo isiyopenda kona kali. Mtaro ukiwa mrefu alumini bado inashinda. Ukiwa mfupi, au bomba limeshafukiwa na ni jembamba, shaba inashinda kwa sababu tu inaingia. Jihadhari na jeraha. Ala ya kebo ikichanwa na jiwe na maji yakaingia, alumini yenye umeme huliwa haraka na kugeuka unga, wakati shaba ingekupa muda. Mchanga laini chini na juu ya kebo si urembo.

Ndani ya nyumba sina mengi ya kusema: shaba. Kanuni nyingi za ufungaji haziruhusu alumini ya saizi ndogo, chini ya milimita za mraba 10 au 16, na ziko sahihi. Nyaya za vifaa vinavyohamishwa na kukunjwa kila siku, kama pasi na drili, nazo ni shaba ya nyuzi nyembamba. Kwenye mota utazikuta metali zote mbili zimegawana kazi: koili za nje huwa za shaba kwa kuwa nafasi ni finyu, na fito za kiini kinachozunguka mara nyingi ni alumini iliyomiminwa. Huko hakuna skrubu ya kulegea.

Shaba ambayo si shaba

Kuna jambo la tatu linalovuruga ulinganisho huu: waya wa alumini uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba, ukauzwa kama shaba. Una kazi zake halali, lakini ukifungwa nyumbani kwa jina la shaba unakupa ukinzani wa alumini kwenye saizi ya shaba, na viungio vya alumini ambavyo hakuna aliyeviandaa.

Kwarua ncha kwa kisu. Wekundu ukiondoka na weupe ukatokea ndani, umeibiwa. Usihukumu kwa rangi ya nje, maana ipo shaba halisi iliyopakwa bati, nyeupe nje na nyekundu ndani, nayo ni nzuri. Mizani nayo haidanganyi. Roli ya mita 100 ya waya wa 2.5 inapaswa kuwa na kilo 2.2 za shaba, bila plastiki. Ukiinyanyua ikaja juu kama roli ya kamba, irudishe.

Karatasi mbili mezani

Mwenye pampu ya mita 80 ana miisho minne tu. Ningemwambia amwite yule fundi wa pili na kumuuliza maswali matatu. Mbona 25 na si 35? Utafungaje kwenye breka? Utabania kwa nini? Akisema ataingiza alumini moja kwa moja kwenye breka, waiangalie breka pamoja kama imeandikwa Al/Cu, yaani inapokea alumini na shaba. Ikiwa imeandikwa Cu peke yake, yaani shaba tu, hapo alumini haiingii. Akitoa kwenye begi lagi za metali mbili, grisi na mashine ya kubania, apewe kazi, na kebo ipandishwe hadi 35. Akitoa plaizi na utepe mweusi, ichukuliwe karatasi ya shaba ya 16, hata kama ni ghali.

Na baada ya mwezi mmoja wa matumizi, umeme uzimwe, mfuniko ufunguliwe, plastiki ya kila mwisho ikaguliwe rangi.